Diski ikikwama katikati, anza na lenzi
Dada wa Uyole, umesema usakinishaji wa programu kutoka kwenye diski unafika katikati, laptopu inakwaruza krr-krr, kisha inadai faili halisomeki. Hapo programu huenda haina kosa; shida huenda ni diski chafu au lenzi, kile kijicho kinachosoma diski ndani ya draivu (sehemu ya laptopu unapoweka diski). Na kwa baridi hii ya Julai, ukiingiza mashine kutoka nje na kuiwashia jikoni penye joto, lenzi inashika ukungu kama miwani. Iache nusu saa kwanza.

Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe! Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata mstari wa data wenyewe, ndio unaoua kabisa. Lenzi iguse kidogo tu kwa pamba ya masikio yenye tone la spiriti. Yangu ilitoa vumbi jekundu utadhani nimefuta viatu.

Soma pia maandishi kwenye mlango wa draivu. Kama ni CD tu, DVD haitasomeka hata uiombee: CD inabeba MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7.

Ikigoma bado, nakili diski yote kwenye flashi kwa kompyuta ya jirani, usakinishe kutoka humo. Draivu mpya usinunue kwanza.