Dabo spesi si kubonyeza Enter mara mbili

Nina steshenari karibu na chuo, na msimu wa asaimenti ukifika najua flashi zitakuja na ugonjwa gani. Mwanafunzi kaambiwa aweke dabo spesi, yaani nafasi maradufu kati ya mistari, basi kila mstari ukiisha kabonyeza Enter mara mbili. Kwenye kompyuta yake kazi imekaa vizuri. Tukibadili tu fonti kutoka Calibri kwenda Times New Roman 12, mistari inavurugika: mwingine unajaa, unaofuata una maneno mawili, kisha pengo. Hapo ni kufuta Enter moja moja kurasa nzima, na waliopo kwenye foleni wanaguna.

Dawa yake ni fupi. Ukiwa kwenye Microsoft Word, bonyeza Ctrl na A kuchagua maandishi yote, kisha Ctrl na 2. Basi. Ukitakiwa moja na nusu ni Ctrl na 5 (kwa nini tano, waulizwe Microsoft). Enter ibaki ya kumalizia aya.

Wengi huishia hapo, kumbe bado. Word za tangu 2013 huongeza zenyewe pointi 8 chini ya kila aya, hujaziomba. Ukijumlisha na dabo spesi, aya zinaachana kuliko mistari yake. Fungua kisanduku cha Paragraph, palipoandikwa After weka 0.

Sasa hesabu mistari. Karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.54 na Times New Roman 12 kwa dabo spesi hubeba mistari kama 25 tu. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaovuta nafasi hadi mbili na nusu ili kurasa zitimie. Mhadhiri aliyesahihisha rundo zima anaiona hiyo kabla hajasoma jina lako. Yeye nafasi ile anaitaka ya kuandikia kwa kalamu nyekundu.

Marejeo nayo msiyabane kuokoa karatasi. Kama kozi yenu inafuata APA (mtindo wa kupanga kazi na marejeo), dabo spesi inakwenda mpaka huko, na nukuu ndefu pia.

Ukimaliza, hifadhi kwa PDF ndipo uje kuprinti, maana mashine yangu inaweza isiwe na fonti yako. Na tafadhali, msije saa kumi na nusu wakati mwisho wa kukusanya ni saa kumi na moja.