Muulize Tabibu: Wameleta kofia ya kupima ubongo shuleni, nilipe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mie naishi Makorora hapa Tanga, nina watoto watatu. Huyu wa kati yuko darasa la tatu, mwalimu wake kila siku analalamika mtoto anazubaa, anaitwa anakaa kimya kama hajasikia halafu anaendelea na shughuli zake kama hakuna kilichotokea. Bibi yake anasema kapigwa jicho, kombe kanywa, wapi. Sasa mwezi uliopita wakaja vijana shuleni na kofia ina waya wanaiunganisha kwenye simu, 25,000 kwa mtoto, wakampima dakika tano wakanipa karatasi: ubongo wa kushoto 38%, mawimbi ya theta yamezidi, masomo ya sayansi hayamfai. Wanataka nimlipie tiba ya mawimbi mara kumi, kila mara 15,000. Mie nauza mahamri na mbaazi, hela hiyo kwangu si ndogo. Nilipe?
Mama wa Makorora

JIBU: Marahaba mama. Usilipe. Ile 25,000 imeshakwenda, iache iende, lakini hiyo 150,000 isitoke kwenye kibubu kwa ajili ya kofia, utaihitaji kwa nauli na kipimo cha kweli, na nitakwambia chini huko kwa nini.

Kwanza karatasi. Ubongo unatoa umeme, hilo si uongo wala uganga, seli zake zinapashana habari kwa umeme. Wa kwanza kuurekodi kwenye kichwa cha binadamu ni Mjerumani mmoja daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger, mjini Jena, mwaka 1924, akakaa nao kimya miaka mitano ndo akachapisha 1929, na bado wenzie walimcheka mpaka Waingereza wa Cambridge walipourudia wenyewe 1934. Mmoja wa watu aliowafunga waya sana ni mwanawe wa kumzaa, Klaus. Kipimo chenyewe ndo hiki leo tunakiita EEG.

Umeme huo ni mdogo ajabu. Ukishapenya fuvu ukafika kwenye ngozi unabaki kama sehemu 10 hadi 100 tu ukiigawa volti moja mara milioni, na betri moja ya tochi ni volti 1.5, sasa piga hesabu. Mtoto akipepesa macho, akitafuna, akikunja uso, umeme wa macho na misuli unaufunika kabisa ule wa ubongo. Ndo maana hospitali wanampima kichwa kwa futi, wanambandika vidude kama ishirini kwa dawa ya kunata, chumba kimya, mtoto kajilaza, na anayeisoma ile chati kasomea kuisoma. Kofia ya waya ya kuunganisha kwenye simu, tena darasani, watoto wanasukumana kwenye foleni wanacheka, hiyo mama imepima kope.

Halafu theta. Mawimbi yanapewa majina kwa jinsi yanavyopanda na kushuka kwa sekunde moja: delta chini ya mara 4, theta 4 mpaka 8, alfa 8 mpaka 13, beta juu ya hapo. Mtoto wa miezi mitatu minne akiwa macho, mdundo wa mawimbi ya kisogoni kwake ni kama 3 au 4 kwa sekunde, akifika mwaka ni kama 6, akifika miaka mitatu ni kama 8, na akikaribia miaka 10 ndo unausogelea ule wa mtu mzima ambao ni kama 10. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu kukutwa na theta nyingi kuliko baba yake ni jambo la umri tu, wamekuuzia kwa 25,000 habari kwamba mwanao ni mtoto. Na hiyo asilimia ya ubongo wa kushoto sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote ya hospitali, wameipika wenyewe.

EEG haipimi akili, mama. Ni sawa na mtu aliyesimama nje ya uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza, kelele ikilipuka atajua goli limeingia, watu wakitulia atajua mambo yamekuwa mabaya, lakini hawezi kukwambia yule mzee wa jukwaa la kati anamnong'oneza nini jirani yake. Kipimo kinaona kelele za mamilioni ya seli kwa pamoja. Kujua kama mtoto ataweza hesabu za mafungu, hapana.

Sisemi kwamba wanasayansi hawaoni kitu humo. Finland, mji wa Jyväskylä, tangu miaka ya 1990 walifuatilia watoto karibu 200 tokea kuzaliwa, nusu yao wana mzazi mwenye shida ya kusoma, wakawasikilizisha silabi wakiwa wachanga huku wanarekodi ubongo, na wale waliokuja kusumbuliwa na kusoma miaka mingi baadaye, ubongo wao tayari ulikuwa unaziitikia sauti kivingine. Kazi nzuri sana. Lakini hiyo ni tofauti ya kundi na kundi, mtoto mmoja mmoja wanaingiliana mno, huwezi kumshika wako ukamtabiria. Hata kwa watoto wasiotulia darasani, Marekani walikipitisha kifaa kimoja 2013 cha kulinganisha theta na beta kumsaidia daktari, na 2016 chama cha madaktari wa neva wa hukohuko kikasema kipimo hicho kisitumike kumbandika mtoto ugonjwa, kinakosea. Sasa kama wao na maabara zao wanasita, hawa wa kofia na simu wana nini?

Haya, tuje kwa mwanao, maana kuna sentensi moja kwenye barua yako imenikaa kichwani kuliko karatasi yote ile: anaitwa anakaa kimya, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kuna kifafa kisichoangusha mtu. Hakuna povu, hakuna kutupa mikono. Mtoto yuko katikati ya kuongea anakatika, macho yanabaki yamekodoa au kope zinachezacheza, sekunde kumi hivi, anarudi anamalizia neno lake na hajui kama alikuwa hayupo. Mara nyingi kinaanza baina ya miaka 4 na 10, na kwa siku moja kinaweza kumjia mara kumi, ishirini, hata mara nyingi zaidi. Nyumbani utasema ana mawazo, shuleni watasema mzito, bibi atasema jicho. Na kila mmoja anaona anachokiona kweli, wala simlaumu bibi.

Fanya hivi leo jioni, chukua daftari lake la imla. Mtoto mvivu au asiyejua kusoma anakosea herufi, anaandika vibaya toka juu hadi chini. Mtoto huyu ninayemfikiria mie utakuta mstari mzuri tu, "Juma na dada yake walikwenda", halafu penseli imeteleza inaburuza mkia kuelekea chini, halafu "samaki wabichi", yale maneno ya katikati hayapo kabisa. Mwalimu kayasoma, darasa zima limeyaandika, yeye hakuwepo. Ukiona kurasa kama hizo tatu nne nenda hospitali usingoje likizo.

Jambo la pili ni kumgusa. Akizubaa usimwite tu kwa mbali, mshike bega, mtaje jina karibu na sikio. Mtoto aliye kwenye mawazo yake atashtuka ageuke. Mwenye kifafa hiki hatarudi mpaka zile sekunde ziishe, umtikise usimtikise. Na kama anageuka kila akiguswa lakini akiitwa haitiki, basi hapo shida inaweza kuwa masikio, kapimwe masikio kwanza, nta na usaha vinawanyima watoto wengi masomo na hakuna anayevifikiria. Mrekodi kwa simu akiwa kwenye hali hiyo, video ya sekunde kumi inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Anzia hospitali ya Bombo, uwaeleze hivyo hivyo. Daktari anaweza kumwambia apumue kwa nguvu kama anapuliza moto, dakika tatu hivi, na kama ni kifafa hiki mara nyingi kinamjia palepale mbele yake (usimjaribishe nyumbani, mwachie yeye). Wakiona haja ya EEG huenda wakakuandikia rufaa, Dar pale Muhimbili kipimo kipo. Hapo ndo kipimo hiki kinafanya kazi yake, maana kifafa hiki kina alama yake, mawimbi yenye ncha mara 3 kila sekunde, yanaanza ghafla yanakatika ghafla, madaktari wa Boston waliieleza toka 1935 na haijabadilika. Kabla ya kwenda muoshe nywele usimpake mafuta, ukienda na wa kike umfumue misuko. Hakiumi, hawamtii umeme, wanausikiliza wa kwake tu. Ila jua na hili, chati safi haimaanishi moja kwa moja kwamba hana kifafa, na wapo watoto wazima kabisa, kama 2 hadi 4 katika 100, wana ncha za namna fulani kwenye chati na maisha yao yote hawajapata kifafa. Ndo maana chati inasomwa pamoja na maelezo yako na ile video.

Ikithibitika, dawa zipo na watoto wengi hutulia, wengine wanakua kinaondoka chenyewe. Angalizo moja kubwa: usimpe vidonge vya kifafa vya jirani. Carbamazepine inayomsaidia mtu anayeanguka inaweza kukizidisha hiki cha kuzubaa, na phenobarbitone, vile vidonge vya bei rahisi vya siku zote, kwa hiki havisaidii. Zinazofaa ni ethosuximide, nayo si rahisi kuipata huku kwetu, au valproate, na kama ni binti mwambie daktari mapema mzungumzie na mbele, kwa sababu valproate ina madhara kwa mimba.

SWALI: Salaam dokta. Niko Muheza. Kijana wangu akiwa na miaka miwili alipata degedege, wazee wakamfukiza kinyesi cha tembo, hali ikawa mbaya tukamkimbiza hospitali wakasema malaria imepanda kichwani, alilala siku mbili hajitambui. Sasa ana miaka saba, anaongea kwa shida na anasahau haraka. Nimpeleke EEG waone ubongo umeharibika wapi?
Baba wa Muheza

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kumkimbiza, wapo wanaoogopa ati mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa, mpaka wanachelewa.

Tutenganishe. Degedege la homa ya kawaida, mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, anatikisika dakika chache anaamka analia, hilo linatisha wazazi lakini halimpunguzii mtoto akili. La kwako ni jingine. Malaria ya kichwa yenye kupoteza fahamu, watafiti wa Kilifi, hapo jirani zetu juu ya Mombasa, waliwafuatilia watoto waliopona wakakuta kama robo yao wamebaki na shida fulani, ya lugha, ya kumbukumbu, ya kutulia kwenye jambo, na wengine kifafa kinakuja miezi au miaka baadaye.

EEG sasa hivi haitakuonyesha alipoharibika, si picha ile. Itahitajika kama anazubaa kama mtoto wa mama hapo juu, au anatikisika, au usingizini anafanya vituko. Kama hakuna hayo hela yako ipeleke kwanza kwenye masikio, mtoto anayeongea kwa shida lazima ajulikane anasikia kiasi gani, halafu uulizie hospitali mtu wa mazoezi ya kuongea. Na nyumbani mumpe maagizo mafupi, moja moja. "Leta kata." Akileta, ndo "chota maji". Mkimpa matatu kwa mpigo atashika la mwisho, mtamwona mkaidi na fimbo itafuata, na fimbo kwa mtoto huyu haina kazi. Mwalimu naye aambiwe historia yote, akae naye mbele.

SWALI: Mambo dokta, mie fomu foo hapa Chumbageni. Nimedaunlodi sauti za mawimbi ya alfa za kuongeza akili, nasikiliza usiku kucha na earphone huku nasoma, zinasaidia kweli maana mtihani uko karibu?

JIBU: Poa. Alfa huna haja ya kudaunlodi, fumba macho utulie, zinajitokeza zenyewe kisogoni, fumbua zinapungua, Berger aliliona hilo zamani. Habari za sauti za kuongeza akili zilivuma 1993, wanafunzi wa chuo Marekani walisikiliza Mozart dakika kumi wakafanya vizuri kidogo kwenye fumbo la kukunja karatasi, na faida ikayeyuka ndani ya robo saa. Watu wakaikuza mpaka 1998 gavana wa Georgia akataka kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa kwenda nao nyumbani!

Kinachonitisha kwenye meseji yako ni hapo pa usiku kucha. Ukilala fofofo ubongo unatoa mawimbi makubwa ya polepole, na juu yake vinapita vishindo vifupi vya mara 12 hadi 14 kwa sekunde, na humo ndo ulichosoma mchana kinapangwa kikae. Umri wako unahitaji saa 8 hadi 10. Toa hizo earphone, saa nne uwe kitandani, uamke alfajiri usome.