Jibu: Kufungua buji nyumbani

Ndugu yangu wa mtaa wa Himbi, unauliza kama unaweza kufungua buji, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya moteri ya gari, mara tu ukifika nyumbani. Hapana! Acha moteri ipoe kabisa. Kichwa cha moteri cha aluminiamu kikiwa cha moto, meno ya tundu la buji huharibika upesi, na kuyatengeneza ni gharama. Tena hapa Goma lile vumbi jeusi la volkano hujikusanya kuzunguka buji. Lipulize kwa pampu ya tairi kabla hujafungua, lisiangukie ndani ya silinda. Toa moja moja, waya zisichanganyike. Buji mpya anza kuifunga kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze tena, usiilazimishe kwa ufunguo wa buji. Ile ya zamani tazama ncha: kahawia hafifu ni salama, masizi makavu meusi mara nyingi ni petroli kuzidi, ikilowa oili muone fundi.