Mbuzi wa Pugu na ikisiri iliyokataliwa mara mbili

Ikisiri yangu, yaani ule muhtasari wa utafiti unaotumwa kuomba nafasi ya kuwasilisha mkutanoni, ilipokataliwa mara ya kwanza, nilimlaumu mtathmini. Ya pili ilipokataliwa nikaanza kujishuku.

Nilikuwa nimekaa kwenye mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, nikirekodi maongezi ya madalali na wanunuzi. Jambo lenyewe dogo: mtu akinunua mbuzi, ni lini husema "nimenunua mbuzi", na ni lini husema "nimemnunua mbuzi"? Shuleni tulifundishwa kwamba kiumbe hai akiwa yambwa, yaani mtendwa wa kitenzi, kitenzi hubeba kiambishi -m-. Mnadani mambo hayaendi hivyo kila mara. Data nilikuwa nayo, tena ya jasho na vumbi. Kumbe mbovu ilikuwa ikisiri.

Ilianza hivi: "Kiswahili ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa na mamilioni ya watu Afrika Mashariki na Kati." Nafasi niliyopewa ni maneno 300, na anayenisoma ni mtaalamu wa isimu ya lugha za Kiafrika. Namweleza Kiswahili ni nini ili iweje? Zikafuata "utafiti huu utachunguza", "data itakusanywa", "inatarajiwa kwamba". Matokeo ninayo mkobani, lakini naandika kama mtu anayeomba kibali cha kwenda uwandani! Nadhani ugonjwa huu tunautoa kwenye mapendekezo ya utafiti, tunayoyaandika chuoni hadi mkono unazoea. Mtathmini mmoja aliniachia swali moja tu: mwandishi amegundua nini?

Ya tatu nikaianza na mbuzi mwenyewe. "Katika mnada wa Pugu, mnunuzi husema nimenunua mbuzi anapomtaja mnyama kwa mara ya kwanza, na nimemnunua yule mbuzi pale ambapo msikilizaji ameshajua ni yupi." Sentensi iliyofuata ikaeleza kwa nini uhai peke yake hautoshi kufafanua tofauti hiyo. Kisha mifano 3 yenye namba, kila mofimu, yaani kila kipande cha neno chenye maana, na maana yake chini. Waliotangulia kuandika juu ya suala hili niliwapa mstari mmoja. Ikapita.

Yako ukiimaliza, ifunike yote ubakize sentensi ya kwanza. Kama mwenzako anayetafiti nahau au majina ya mitaa angeweza kuiazima bila kubadilisha neno, ifute.

Halafu kuna suala la jina. Mikutano mingi ya isimu hutaka ikisiri isiyomtambulisha mwandishi. Watu hufuta jina pale juu, halafu katikati wanaacha "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu". Wengine jina limebaki ndani ya sifa za faili la PDF. Fungua uangalie kabla ya kutuma. Ni kazi ya dakika moja.

Pia, mikutano yenyewe haifanani. WOCAL, kongamano la dunia la isimu ya Kiafrika, huja kila baada ya miaka 3, kwa hiyo ukilikosa utasubiri sana. Kolokia ya Kiswahili ya Bayreuth, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1987, inakupa wasikilizaji wanaoijua lugha, na unaweza kuwasilisha kwa Kiswahili chenyewe. ECAS, mkutano wa Ulaya wa masomo ya Kiafrika, huteua paneli kwanza, yaani vikao vya mada moja moja, ndipo hutoa wito wa makala. Hapo unagombea viti vichache vya paneli moja, na msomaji wako ni yule aliyeibuni. Soma tangazo lake hadi ujue anahangaika na nini. Mbuzi wangu nikiwapeleka kwenye paneli ya biashara ndogondogo, itabidi wazungumzie udalali. Viambishi vikae pembeni.

Tarehe ya mwisho ya kutuma ikiandikwa AoE (Anywhere on Earth, popote duniani), inahesabiwa kwa saa za UTC-12, yaani siku haijaisha mpaka iishe huko mwisho kabisa. Kwa Dar es Salaam ni saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya kesho yake. Nimewahi kukesha bure, na umeme ukakatika juu yake, kabla sijalijua hilo.

Na barua pepe ikikuita "profesa mashuhuri", ikapokea ikisiri yako ndani ya siku 2 na kudai ada papo hapo, hiyo ni biashara ya kukodisha ukumbi. Okoa nauli yako.

Siku ya kuwasilisha nilipewa dakika 20, nikatumia 18 na mikono inatetemeka. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa profesa mmoja mzee, safu ya nyuma.

"Hongera, mwanangu. Na kuku je?"

Nilikuwa na saa 11 za rekodi, mbuzi na ng'ombe watupu. Kuku hata mmoja sikuwa naye.