Jibu: Tugawe mikataba au tumpe mkandarasi mmoja?

Ndugu, umeuliza kama zabuni ya reli ya umeme igawanywe mikataba midogo midogo ili bei ishuke. Gawa, hakuna ubaya, lakini kwanza amua nani atawajibika pale kazi ya huyu inapokutana na ya yule. Hapo ndipo miradi inapokwama.

Tazama Elizabeth line, reli ya abiria inayopita chini ya jiji la London. Ilitakiwa kufunguliwa Desemba 2018, ikafunguliwa 24 Mei 2022. Mahandaki yalikuwa yamekwisha kuchimbwa tangu 2015! Kilichosumbua zaidi ni vituo kutokamilika, na treni kutoelewana na mfumo wa ishara, yaani ule unaoiambia treni iende au isimame. Treni zilitoka kampuni ya Bombardier, ishara za handakini zikatoka kampuni ya Siemens, na treni hiyohiyo ilipaswa kufuata mifumo 3 tofauti: wa reli kongwe, wa njia ya uwanja wa ndege wa Heathrow na wa handakini. Hebu fikiria: treni inakaribia handaki, na kompyuta yake lazima iache mfumo mmoja na kushika mwingine bila kosa hata dogo. Kila kifaa kinaweza kufaulu majaribio peke yake, na vikikutana visisikilizane.

Kingine, ujenzi ulipochelewa, muda wa majaribio ndio uliomegwa. Usikubali hilo kabisa. Siku za majaribio ya pamoja ziandikwe ndani ya kila mkataba, na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka treni itembee njia nzima, ishara na umeme vikifanya kazi kwa pamoja.