Shangazi, kila Ijumaa nasikiliza nyimbo mpya na hakuna inayonikaa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 52, nipo Morogoro, nauza vitenge. Tangu mwaka jana nimeshikwa na kajitabia: kila Ijumaa usiku, nikishafunga hesabu, najilaza kitandani, navaa hedifoni na kusikiliza nyimbo zote zilizotoka wiki hiyo. Bongo fleva, singeli, amapiano, hata thelathini kwa mkupuo. Asubuhi sikumbuki hata moja. Nilipokuwa na miaka 17 wimbo mmoja ulinitosha msimu mzima; nilikuwa nakaa na rafiki yangu mbele ya redio tukinakili maneno kwenye daftari. Kijana wangu kanifumania na singeli, akacheka mpaka akakaa chini: "Mama, na wewe?" Mwenzangu wa kikoba ananiambia umri wangu sasa ni wa kaswida. Yule rafiki yangu anaishi Muscat, mwaka jana aliweka picha, kichwa chote mvi. Nisaidie: moyo wangu ndio umezeeka, au muziki umeharibika?*
*Mama Ijumaa*

Marahaba, mdogo wangu. Nimekupita miaka kumi na moja, kwa hiyo hilo swali lako lilipita kwangu kwanza.

Nianze na muziki kuharibika, maana hapo hapana kazi. Haujaharibika. Wewe wa Morogoro sina haja ya kukueleza Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa kwenu, ni nani. Baba yangu alipopata habari, Januari 1979, kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, alitutangazia wote nyumbani kwamba muziki umekwisha. Wakati huo huo bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo mimi na dada zangu tulikuwa tukinuniana kwa ajili ya Sikinde na bendi pinzani ya Msondo, kama watu wa Simba na Yanga, baba yetu alikuwa amekaa barazani anaomboleza muziki uliokufa. Redio ilikuwa moja, iko pale pale katikati yetu.

Kisha zamu ikawa yetu. Redio za binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, vijana wakaingia na kufokafoka kwa Kiswahili, na sisi tukasema huo ni uhuni. Ukaitwa muziki wa kizazi kipya. Hebu kitazame hicho kizazi kipya leo. Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi, mkoani kwako, mwaka 2015. Ni watu wa rika lako, mama. Kizazi kipya kinatafuta miwani ya kusomea.

Sasa hili la wimbo kutokukaa. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema mtu akishakuwa mtu mzima, mambo anayoyakumbuka kwa wingi zaidi ni ya tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndio umri wa kupenda mara ya kwanza, kuondoka kwenu mara ya kwanza, kudanganya mzazi ukafaulu. Wimbo wa wakati ule una mahali pa kujishika. Wa leo unakukuta una mkopo wa kikoba na bei ya vitenge kichwani. Hilo si kosa la moyo wako wala la msanii.

Lakini mimi nazilaumu zaidi hizo nyimbo zako thelathini kwa mkupuo. Kumbuka mwaka ule una miaka 17: Tanzania bara haina televisheni, redio ni Radio Tanzania, wimbo unapigwa wanapotaka wao. Ukiukosa, unasubiri. Ukiwa na kaseti umeunasa, unairudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili betri zisiishe. Wimbo wenyewe ulikuwa na adabu ya kukusubiri: unaanza polepole, waimbaji wanakueleza kisa beti kwa beti, mwisho ndiyo linakuja chemko, magitaa yanashika kazi na watu wanainuka. Ulikuwa unaishi na wimbo. Unachofanya sasa ni kusimama mlangoni pa ukumbi wa harusi ukipokea wageni: wote umewapa mkono, hujakaa na hata mmoja, kisha asubuhi unajiuliza kwa nini hujui majina yao.

Na singeli kitandani, kwenye hedifoni, saa sita usiku! Hapo ningecheka na mimi, nisamehe. Ule muziki unakwenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi, umezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale huko, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, vumbi juu, watu wamebanana. Kuusikiliza umelala chali ni kula mishikaki iliyolala. Siku ikipigwa kwenye harusi ya mtaani, simama ukutani tu uangalie miguu ya watu. Utauelewa kwa nusu saa kuliko kwa Ijumaa ishirini.

Chagua wimbo mmoja. Sikiliza zile thelathini ukitaka, lakini Jumamosi ukiwa unakunja vitenge vyako weka mmoja tu, urudie mara sita au saba. Kusikia kitu mara kwa mara huzaa mapenzi. Wataalamu wamelipima jambo hilo, ingawa watu wa redio walilijua bila kupima. Ukifika Jumamosi ya tatu bado haukusemeshi, uache. Nyingine ni mbovu kweli, tusidanganyane. Hata enzi zetu zilikuwepo mbovu, ila tumezisahau.

Kuna jambo la mwili pia na silipiti. Masikio yakianza kuchoka kwa umri hupoteza kwanza sauti nyembamba, na herufi kama s, f na t zinaanza kuchanganyika. Unasikia mtu anaimba, hukamati anachosema, unadhani ni Kiswahili cha vijana. Ukiona unaongeza sauti ya televisheni na wenzako wanalalamika, nenda hospitali ukapimwe masikio. Na hizo hedifoni zishushe sauti.

Mwenzako wa kikoba usigombane naye. Kaswida ni nzuri, na mwambie nazo zinatoka mpya kila wakati. Ila asikupangie. Mwaka 1993 wazee wa dansi hapa Dar, watu ambao wengi walidhani wameshatundika magitaa, walikusanyika wakaunda bendi. Unajua waliipa jina gani? Shikamoo Jazz. Vijana walilipa kiingilio kwenda kuwaamkia.

Kijana wako amecheka, basi mpe kazi. Mkalishe akufafanulie maneno ya wimbo utakaouchagua, mstari kwa mstari, kila neno la mtaani. Utamwona anavyotoka jasho kwenye beti la pili akifika mahali ambapo mama hapaswi kufafanuliwa. Hatakucheka tena wiki hiyo.

Nimeacha moja makusudi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba umesema "mwaka jana" mara mbili: kajitabia kalianza mwaka jana, na ile picha ya mvi ni ya mwaka jana. Umeandika kimoja juu kabisa na kingine chini karibu na sahihi, kana kwamba havijuani. Mimi nadhani vinajuana. Ulimwona yule binti wa daftari amekuwa bibi, ukakimbilia kwenye nyimbo mpya ukitafuta mle ndani yule mwingine, wa miaka 17. Ndiyo maana zote thelathini hazikutoshi. Nyimbo za zamani ulikuwa huzisikilizi peke yako.

Hukuniambia kama mnaongea. Umesema tu kwamba aliweka picha, kwa hiyo nadhani mnatazamana kama majirani waliogombana, kila mtu dirishani kwake. Muscat imetangulia saa moja tu mbele yetu. Ukifunga hesabu saa tatu za usiku, kwake ni saa nne, hajalala. Usimwandikie habari za mvi. Mtumie wimbo wako wa Jumamosi umuulize ameusikiaje.

Na daftari, kama bado lipo kabatini, litoe. Mliokuwa mkinakili kutoka redioni nawajua, nilikuwa mmoja wao: lazima kuna mstari ambao kila mtu aliusikia kivyake, mkabishana mpaka mkanyimana maandazi, na hapakuwa na pa kuhakikisha. Piga picha ukurasa huo umtumie. Siku hizi wimbo wenyewe unapatikana kwenye simu, mnaweza kuusikiliza na kumaliza kesi. Kisha niandikie, nataka kujua nani alikuwa amesikia sawasawa.

Shangazi yako