Ndala za mlangoni na mbwa asiye na kazi

"Huyu mbwa ananikomoa." Ndivyo wafugaji wengi wanavyosema. Ndala imetafunwa, khanga imeshushwa kambani, tuta la mchicha limegeuzwa handaki, na hukumu imeshatoka: kafanya makusudi. Hajafanya. Mbwa ana meno, ana saa nyingi za bure, na anakumbuka vizuri sana ni kitu gani kilimlipa jana. Methali ya mcheza na mbwa humfuata msikitini ilitungiwa wanadamu na mazoea yao, ila mfugaji akiisikia anaijua kwa maana ya juu juu kabisa: mbwa huenda palipowahi kumpa raha.

Na ule uso wa hatia, masikio yamelala na macho yanakwepa? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York aliupima. Aligundua kwamba uso ule hutokea mbwa akifokewa, awe amekosa au hajakosa. Anasoma sura yako tu. Kwa hiyo kumburuta hadi kwenye ndala iliyoliwa saa mbili zilizopita na kumchapa kunamfundisha jambo moja: ukirudi kutoka kazini, akukimbie. Mbwa huunganisha malipo au adhabu na kitendo cha sekunde moja au mbili zilizopita, si zaidi.

Anza na ratiba

Kabla ya kumfundisha chochote, tazama siku yake inavyokwenda. Nyumba nyingi za mijini, iwe Dar, Arusha au Nairobi, humfungia mbwa bandani saa 12 asubuhi na kumfungulia saa 3 usiku alinde. Hizo ni saa 15 ndani ya mbao na mabati, kisha anaachiwa uwanja mzima gizani, peke yake, na nguvu zote za mchana bado ziko mwilini. Atafanya nini? Atachimba, atabweka, atavuta kila kinachoning'inia. Mnyororo ni mbaya zaidi, maana unaongeza hasira.

Mbwa mzima mwenye afya mara nyingi anatosheka na chini ya saa moja ya kazi kwa siku, mradi iwe kazi kweli. Mtembeze dakika 30 kwa kamba ndefu, mita 3 hivi, na umwache anuse. Kunusa nako kunamchosha. Watu wanaomvuta ili "atembee vizuri" wanamnyima sehemu yenye faida. Dakika 10 nyingine aitafute sehemu ya chakula chake: tenga theluthi moja ya chakula cha siku, uimwage kwenye nyasi au uifiche ndani ya boksi lenye magazeti yaliyokunjwakunjwa. Zinazobaki ni za mafunzo, dakika 3 asubuhi, 3 jioni, 3 usiku.

Mtoto wa mbwa ni hesabu nyingine. Yeye hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akikosa usingizi huwa kama mtoto wa binadamu aliyepitiliza kulala, anang'ata kila kitu huku anakimbia duara. Watu hudhani anahitaji mchezo zaidi. Anahitaji kona yenye kivuli, watoto waambiwe wamwache.

Ndala

Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni karamu kwa mbwa. Pale pana safu ya vitu laini vyenye jasho la watu anaowapenda, kwenye kimo cha pua yake. Kati ya miezi 4 na 7 meno 28 ya utoto yanang'oka na 42 ya ukubwani yanachukua nafasi, fizi zinawasha, na mpira wa ndala unabonyea inavyopendeza. Katika miezi hiyo hakuna mafunzo yatakayoshinda rafu ya viatu iliyowekwa juu, mita 1.2 kutoka sakafuni, au kreti lenye kifuniko. Pandisha viatu juu kwanza, mengine baadaye.

Usimpe kiatu cha zamani achezee. Kwa mbwa hakuna cha zamani na kipya, kuna kiatu.

Mpe mbadala wa kutafuna. Kitambaa cha taulo kuukuu kilichoroweshwa, kikasokotwa kama kamba na kugandishwa kwenye friza, kinatuliza fizi vizuri. Mpe ukiwa karibu na ukichukue kikianza kuchanika. Kingine: chemsha dagaa kwenye maji bila chumvi wala kitunguu, changanya na ugali uliopoa, shindilia kwenye kikombe cha plastiki, gandisha usiku kucha, asubuhi kitoe kikombe na umpe lile bonge. Ni nusu saa ya kulamba. Chupa ya maji ya nusu lita nayo inafaa: toa kifuniko, toa ile pete ya plastiki ya shingoni, bandua lebo, toboa matundu mawili ya upana wa dole gumba, jaza vipande vikavu vya ugali. Itapigwa teke uwanja mzima. Ikianza kupasuka, tupa. Kifuu cha nazi kiache, kinavunja meno. Kamba ya katani nayo usimwachie akiwa peke yake, nyuzi zake zikimezwa zinaweza kuufunga utumbo.

Sasa itazame hali yenyewe. Mbwa ameshakamata ndala. Miguu ya mbele ameilaza, makalio yako juu, mkia unapepea, anakutazama. Ukipiga hatua moja, anaruka mbili. Hapo umeshaingia mchezoni, na mchezo wa kufukuzana ndio malipo matamu kuliko ndala yenyewe. Usimfuate. Chukua dagaa watatu, watupe chini mita moja kutoka alipo, umpe ubavu badala ya uso. Ataiachia ndala ili ale. Wewe iokote taratibu, bila neno. Wako watakaosema unamlipa mwizi, na wana hoja, kwani akifanyiwa hivyo kila mara ataanza kuiba ili alipwe. Dawa yake ni kumlipa mara nyingi zaidi anapotafuna kilicho chake. Ukipita ukamkuta na ile chupa, dondosha dagaa mmoja, endelea na safari yako.

Kuhusu dagaa wenyewe: chagua wasio na chumvi. Wale wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena, mara nyingi huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe na uwakaushe tena. Dagaa mmoja anakatika vipande vitatu; kipande kimoja kinatosha kwa zoezi moja.

Jikoni, na neno "acha"

Usidhani mwizi wa nyama ataacha kwa sababu hafanikiwi kila siku. Ni kinyume chake. Akipata mara moja kati ya 20, atajaribu mara 200. Kwa hiyo jiko la nje linahitaji nidhamu ya watu kabla ya ya mbwa: sufuria iwe na kifuniko chenye jiwe, nyama isiachwe kwenye beseni chini, ndoo ya takataka ifungwe kwa kamba ya mpira. Nyumba yenye watu sita inahitaji wote sita wakubali. Bibi akimrushia mfupa kila akipika, kazi ya wengine watano imekwisha hapo.

Neno "acha" linafundishwa hivi. Weka kipande cha dagaa ndani ya ngumi, umsogezee. Atalamba, atasukuma kwa pua, atakwaruza. Usiseme kitu, usivute mkono. Sekunde anapoondoa pua, hata kama ni kwa kuchoka tu, sema "sawa" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Rudia mara kumi, pumzika. Kufikia siku ya pili wengi huona ngumi na kurudi nyuma wenyewe. Hapo fungua kiganja. Akikimbilia, kifunge, akisubiri, mlipe kwa mkono mwingine. Siku ya nne weka kipande sakafuni, mguu wako ukiwa tayari kukifunika. Neno "acha" liingie sasa, si kabla, maana awali lingekuwa kelele isiyo na maana. Baada ya wiki mvalishe kamba, pita naye jikoni penye sahani ya nyama juu ya kigoda, sema "acha", na akigeuza kichwa kwako mlipe kitu kizuri kuliko kawaida, kipande cha ini kwa mfano.

Kinachoharibu zoezi hili karibu kila mara ni kumpa kilekile alichoambiwa aache. Ukifanya hivyo amejifunza kwamba "acha" maana yake "subiri kidogo". Malipo yatoke kwingine siku zote.

Na "njoo" je? Kwenye nyumba ya Waswahili neno hilo hutamkwa mara mia kwa siku, watoto wanaitana, dada anaita mtoto, jirani anaita jirani. Mbwa analisikia bila kuhusika hadi linakuwa kama upepo. Mwitie mluzi, au neno ambalo hakuna mtu mwingine pale anayeitwa kwalo. Na usimwite kamwe ili umwogeshe au umfungie. Kwa hayo mfuate alipo.

Bustani, kamba ya nguo, geti

Mbwa anayechimba kivulini kwenye udongo mbichi anatafuta ubaridi. Mtilie maji kivuli kimoja kila mchana, atalala hapo. Anayechimba ukutani anataka kutoka: fukia waya wa wavu sentimita 30 chini, ukunje ncha yake kuelekea ndani kama sentimita 50, akichimba atakutana nao. Anayechimba kwenye tuta la mboga huenda ni wewe uliyemkaribisha, kwani samadi ya kuku inanukia kama chakula. Changanya samadi vizuri na udongo, funika kwa matawi ya miba kwa wiki mbili. Kwa mbwa anayechimba kwa raha tu, mpe shimo lake, mita moja kwa moja na nusu, mchanga wa kina cha sentimita 40, na ufiche vitu humo mara kwa mara. Sumu ya panya isitumike kabisa kwenye uwanja wenye mbwa mchimbaji.

Kamba ya nguo: inyanyue hadi mita 2 na nusu. Khanga inayopepea inaamsha silika ya kuwinda, na kumfundisha asivutwe nayo kutakula miezi. Ngazi na misumari ni saa moja.

Getini kuna malipo ambayo watu hawayaoni. Mpita njia anapita, mbwa anabweka, mpita njia anatoweka. Kwake yeye, amemfukuza. Bodaboda 40 kwa siku ni ushindi 40. Ziba geti kwa bati au matete hadi kimo cha macho yake. Ukimpigia kelele anyamaze, anaona umejiunga. Mwitie mluzi baada ya mlio wa pili au wa tatu, mlipe anapofika. Kuungurumia adhana ya alfajiri, au tuseme kuilialia, ni kitu tofauti: sauti ndefu inayopanda na kushuka inafanana na mlio wa mbwa wa mbali, naye anaitikia. Mtaa ukikereka, mlaze ndani, au kwenye chumba cha nyuma, usiku huo na mingine.

Wakiwa wawili

Mbwa wa pili si dawa ya utundu wa wa kwanza; atafundishwa utundu huo huo kabla mwezi haujaisha. Ngoja wa kwanza afike mwaka na nusu na awe anasikia. Ndugu wawili wa tumbo moja ni mtihani mkubwa zaidi, kwani hushikamana wao kwa wao na binadamu anakuwa mpishi tu. Ukishawachukua, watembeze kila mmoja peke yake, wafundishe kila mmoja peke yake, bakuli zao ziwe mbali walau mita 2. Wakicheza miili inalegea na wanapokezana kufukuzana. Ukiona miili imekakamaa, kimya, macho yamekaza, piga sufuria au wamwagie ndoo ya maji. Mkono usiingie katikati.

Kung'atwa, hata kwa mchezo, damu ikitoka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mwenyewe achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3 na kila mwaka baadaye. Dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu mitatu. Mbwa anayekula udongo au kinyesi bila kuacha aonwe na daktari wa mifugo kabla hajaitwa mtundu.

Mabaki ya chakula nayo. Mchuzi na pilau vina kitunguu maji na saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikipikwa. Zabibu, chokoleti na bigijii zisizo na sukari viwe mbali. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa vipande vyenye ncha. Lakini adui anayesahaulika ni gunzi la mahindi ya kuchoma, pamoja na kokwa la embe msimu wake: linamezwa zima, tumboni haliyeyuki, linakwama. Mbwa aliyekuwa mtundu asubuhi akawa anatapika jioni, hataki kula, hajisaidii, na tumbo limekaza, usimpe mafuta ya kula wala maziwa. Mpeleke usiku huo huo, na umwambie daktari kwamba pale uani palichomwa mahindi.